DISKI MOJA KWA KOMPYUTA ZOTE ZA TAWI

Elimu ya Wafanyakazi: Somo kwa vikundi vya masomo



Matawi yetu mengi sasa yana kompyuta. Nyingine tumezinunua kwa ada za wanachama, nyingine tumepewa na vyama vya wenzetu wa ng'ambo baada ya wao kuzitumia kwa miaka kadhaa. Ndani ya mashine hizo mna daftari la wanachama, hesabu za ada, barua za malalamiko, taarifa za walioumia kazini na nakala za mikataba ya pamoja. Zamani vitu hivi vilikaa katika kabati la chuma, na katibu ndiye aliyeshika ufunguo. Leo vimo katika kompyuta, na wengi wetu hatujui ufunguo uko wapi.

Katika somo hili tutaeleza jambo moja: namna ya kutengeneza diski moja ya kusimika Windows, itakayofaa kompyuta zote za tawi hata kama matoleo yake ni mbalimbali. Hili ni somo la ufundi, lakini si la mafundi peke yao. Katibu, mweka hazina na wajumbe wa kamati yawapasa kulielewa, maana daftari likipotea ni wao watakaoulizwa na wanachama.

1. YALIYOTUPATA

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Mwaka 2016 tawi letu moja la shamba la chai lilikuwa na kompyuta tano za msaada, zote za Windows 7. Tatu zilikuwa na kibandiko cha toleo la Professional, mbili Home Premium. Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, na asubuhi kompyuta ya katibu haikuwaka vizuri. Daftari la wanachama lilikuwa humo. Siku tisa mbele yetu palikuwa na kikao na mwajiri mbele ya afisa wa kazi, ili majina yahesabiwe na chama kitambuliwe katika shamba lile.

Siku ya kwanza tuliita fundi. Akaja na diski iliyoandikwa Home Premium, nayo kompyuta ya katibu ilikuwa ya Professional. Namba za ufunguo zilizo kwenye kibandiko zikakataliwa. Fundi akasema, "Diski hii si ya mashine hii," akaondoka.

Siku ya pili mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akanunua diski sokoni. Muuzaji alimwambia ina matoleo yote ndani na haiulizi ufunguo. Kweli haikuuliza. Mashine ikawaka, daftari tukaliona, tukashukuru. Siku ya sita mafaili yote yakawa yamefungwa, na katika kioo pakatokea maandishi ya kudai fedha ili yafunguliwe.

Ikabidi tuombe kikao kiahirishwe kwa majuma mawili. Tulisalimika kwa sababu mweka hazina wetu, mama mmoja mchumaji wa siku nyingi, hakuwahi kuacha kuandika ada katika kaunta buku. Kwa siku tatu, usiku na mchana, tuliliandika daftari upya kwa mkono kutoka katika kitabu chake. Tulihesabiwa, na chama kikatambuliwa. Lakini katika yale majuma mawili vibarua 11 walimaliza muda wao na hawakurudishwa kazini. Walikuwa wanachama, walilipa ada, na siku ya kuhesabu hawakuwapo.

Baadaye fundi wa idara yetu ya elimu alipoichunguza ile diski ya kwanza, ile halali iliyokataa ufunguo, alikuta toleo la Professional limo ndani yake. Lilikuwamo tangu mwanzo. Lililozuia ni faili moja ndogo yenye maneno machache. Aliinakili diski, akaiondoa faili ile, akachoma diski mpya, na ufunguo wa kibandiko ukakubaliwa siku hiyo hiyo.

Ndugu, tulipoteza majuma mawili kutafuta kitu tulichokuwa nacho mkononi. Ndiyo sababu ya somo hili.

2. MANENO TUTAKAYOTUMIA

Mfumo endeshi ni programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Windows ni mfumo mmojawapo, na wenye mali ni kampuni ya Microsoft ya Marekani.

Kizazi: tutaita hivyo Windows 7, Windows 10, Windows 11 na kadhalika. Kila kizazi ni mfumo wake.

Toleo: ndani ya kizazi kimoja mna matoleo, kama Home na Pro. Haya ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni kazi walizoruhusiwa kufanya.

Ufunguo ni namba na herufi 25 zinazoonyesha kwamba toleo fulani limelipiwa kwa mashine fulani.

Kusimika ni kuuweka mfumo katika mashine. Mafundi wa mitaani husema kupiga Windows.

3. NDANI YA DISKI MNA NINI

Wakati wa Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, toleo la Home lilikuwa na diski yake na la Professional diski yake. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007 mambo yalibadilika. Mfumo mzima huwekwa katika faili moja kubwa iitwayo install.wim, ndani ya folda iitwayo sources. Faili hii yaweza kubeba matoleo mengi kwa pamoja, kila toleo likiwa na namba yake: 1, 2, 3 na kuendelea.

Mtu atauliza: matoleo manne yakiwekwa pamoja, je, diski haitakuwa kubwa mara nne? La. Tufikirie stoo ya shamba. Stoo ni moja, majembe na mapanga ni yale yale, lakini karani ana orodha nne kwa makundi manne ya wafanyakazi. Kundi la palizi lina orodha yake, kundi la wapogoaji orodha yake. Panga likitajwa katika orodha zote nne, halinunuliwi mara nne. Faili ya install.wim hufanya vivyo hivyo. Kitu kinachotumiwa na matoleo yote huwekwa mara moja tu, na kila toleo huwa na orodha yake. Kwa hiyo kuongeza toleo la pili na la tatu huongeza ukubwa kidogo tu.

Ni nini basi kinachochagua toleo wakati wa kusimika? Ni mambo mawili.

La kwanza ni faili ndogo iitwayo ei.cfg, katika folda ile ile ya sources. Katika diski za kawaida za Windows 7 faili hii iliifunga diski kwa toleo moja, ingawa mengine yalikuwamo. Ikiondolewa, mfumo huuliza: wataka toleo lipi?

La pili ni ufunguo wenyewe. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wengi wa kompyuta waliacha kubandika ufunguo nje ya mashine. Wakauandika ndani, katika ubao mkuu wa kompyuta. Diski ikiuona ufunguo huo hulisimika toleo lake bila kuuliza. Ni jambo jema mashine ikiwa na toleo lile lile tunalolitaka. Ni taabu ikiwa tawi limelipia Pro kwa mashine iliyozaliwa na Home, kwani diski itasimika Home kila mara.

4. KUTENGENEZA DISKI MOJA

Diski za Windows 10 na 11 zinazotolewa na Microsoft wenyewe tayari zina Home na Pro pamoja. Mara nyingi kazi yetu ni kuongeza toleo lililo katika diski nyingine, kwa mfano Enterprise, ambalo huuzwa kwa mashirika. Fundi afuate hatua hizi.

Hatua ya kwanza. Tumia kompyuta nzima yenye Windows 10 au 11 na nafasi ya kutosha, walau gigabaiti 20. Nakili kila kitu kilichomo katika diski ya kwanza ukiweke katika folda moja, tuseme C:\Diski.

Hatua ya pili. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uangalie yaliyomo:

dism /Get-WimInfo /WimFile:C:\Diski\sources\install.wim

Mashine itaorodhesha matoleo na namba zake. Iandike orodha hiyo katika karatasi. Fanya hivyo pia kwa diski ya pili, ujue toleo unalolitaka lina namba gani. Kama badala ya install.wim umekuta install.esd, hiyo ni faili ya namna ile ile iliyobanwa zaidi. Itabidi kwanza kila toleo litolewe humo na kuwekwa katika install.wim.

Hatua ya tatu. Faili iliyonakiliwa kutoka diski huja na alama ya kusomwa tu, yaani haikubali kuandikwa. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya faili, fungua sifa zake, uiondoe alama hiyo. Wengi hukwama hapa na kudhani amri ni mbovu.

Hatua ya nne. Leta toleo kutoka diski ya pili, iliyo katika D, kwa namba yake. Hapa tumechukua namba 1:

dism /Export-Image /SourceImageFile:D:\sources\install.wim /SourceIndex:1 /DestinationImageFile:C:\Diski\sources\install.wim

Ikimalizika, rudia amri ya hatua ya pili. Toleo jipya litaonekana mwishoni mwa orodha.

Hatua ya tano. Shughulikia ei.cfg. Kwa Windows 7, iondoe. Kwa Windows 8 na 10, fundi anayetaka kuulizwa huandika faili yenye jina hilo ndani ya sources, na ndani yake mistari miwili tu:

[Channel]
Retail

Hatua ya sita. Weka kazi yako katika fleshi au DVD. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7 tu, kwa hiyo siku hizi fleshi ndiyo yenye manufaa. Lakini kuna mtego. Kompyuta za sasa huamka kwa urahisi kutoka fleshi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, na mtindo huo haukubali faili moja ya gigabaiti 4 au zaidi. Ikiwa install.wim imepita hapo, igawe:

dism /Split-Image /ImageFile:C:\Diski\sources\install.wim /SWMFile:C:\Diski\sources\install.swm /FileSize:3800

Kisha nakili katika fleshi vipande vya swm, ile wim uiache. Mfumo utavisoma vipande kama kitu kimoja.

Hatua ya saba. Jaribu diski katika mashine isiyo na kitu cha chama ndani. Diski isiyojaribiwa isihesabiwe kuwa ipo.

5. MAMBO YA KUANGALIA

Vizazi visichanganywe. Matoleo utakayoyaunganisha yawe ya kizazi kimoja na ya tarehe moja ya utengenezaji. Anayeleta toleo la zamani katika diski mpya huzaa matatizo yasiyo na kichwa wala mguu.

Biti 32 na biti 64 ni vitu viwili. Kompyuta kongwe sana ni za biti 32. Windows 10 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuzihudumia. Windows 11 ni ya biti 64 tu. Kama tawi lina mashine za namna zote mbili, tengeneza fleshi mbili, kila moja na maandishi yake.

Tazama umri wa mfumo. Huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama ya Windows 7 ilikoma tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Diski ya vizazi hivyo yaweza kusimika vizuri kabisa, lakini mashine ikiingia katika intaneti bila marekebisho ni kama nyumba yenye mlango mzuri na dirisha lililovunjika. Windows 11 nayo hudai mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za msaada hazina hiki cha mwisho.

Chukua diski mahali pake. Pakua kutoka Microsoft wenyewe, kisha uhakikishe kwamba faili haikuguswa njiani. Amri hii hutoa namba ndefu ya kuitambulisha faili:

certutil -hashfile C:\windows.iso SHA256

Linganisha namba hiyo na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, itupe. Diski ya sokoni tuliyoinunua mwaka 2016 nayo ilikuwa diski moja yenye matoleo yote. Kwa nje haikutofautiana na hii tunayokufundisha kuitengeneza. Tofauti ilikuwa katika mkono ulioipitia.

Na kabla ya yote, toa daftari. Kabla ya kusimika kitu chochote, fundi aitoe diski ya ndani ya mashine, aifunge katika kompyuta nyingine, anakili mafaili ya chama. Katibu ayafungue ayaone kwa macho yake. Hapo ndipo fundi aruhusiwe kuendelea. Sisi hatukufanya hivyo.

6. DISKI SI IBADA YA SIRI, UFUNGUO SI MCHEZO

Wanachama wengine wameuliza: je, kuunganisha matoleo katika diski moja si wizi? Si wizi. Diski ni chombo cha kubebea tu. Kinacholipiwa ni ruhusa, na ruhusa ni ufunguo. Ufunguo wa Home haugeuki kuwa wa Pro kwa sababu umetumia diski yenye vyote viwili. Na ufunguo wa mashine moja ni wa mashine moja. Anayeutumia katika mashine tano ameiba mara nne, na siku moja mashine zitamdai.

Hapa tukumbuke jambo ambalo mfanyakazi ni mwepisi wa kulielewa. Katika Windows 10 na 11, mtu mwenye Home akinunua ufunguo wa Pro, kwa kawaida haletewi diski nyingine. Huandika namba, mashine hujiwasha upya, na kazi za Pro hufunguka. Vitu vilikuwa mle ndani. Kilichouzwa ni ruhusa ya kuvitumia. Ile stoo ni moja. Bei iko mlangoni. Tukilijua hili hatutamlipa fundi kwa diski tatu pale inapotosha moja, wala hatutalipia Pro kwa mashine ya kuandikia barua tu. Tulipie pale penye haja. Kwa mfano, Pro ina BitLocker, inayoifunga diski yote ya ndani hata ikiibwa mwizi asisome kitu. Kompyuta ya mkononi ya katibu, inayosafiri kwa basi na majina ya wanachama ndani, yastahili gharama hiyo.

Kwa mashine zilizo dhaifu kwa Windows 11, iko njia nyingine. Kuna mifumo ya Linux isiyo na ufunguo kabisa, kwani leseni yake huruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake. Mmojawapo ni Ubuntu, uliotoka mwaka 2004. Aliyeuanzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno ambalo sisi husema utu. Hadi mwaka 2011 waliokuwa wakiutengeneza walituma diski zake bure kwa posta kwa aliyeomba. Leo hupakuliwa. Tawi lenye mashine kongwe lijaribu kwanza kwa mashine moja, hasa ile ya kuandikia na kuhesabia.

7. KAZI YA KIKUNDI

Somo hili lisiishie katika kusoma. Kabla ya mkutano ujao, kila tawi lifanye mambo manne.

Kwanza, andika katika daftari la karatasi kila kompyuta ya tawi: kizazi chake, toleo lake, biti zake, na ufunguo wake kama umebandikwa. Vibandiko hufutika kwa jasho na vumbi. Mwaka kesho huenda namba zisisomeke.

Pili, tengeneza fleshi mbili zinazofanana. Moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina, zisilale nyumba moja.

Tatu, daftari la wanachama linakiliwe kila mwisho wa mwezi, siku ya kupokea ada, nje ya kompyuta. Kitabu cha karatasi kisiachwe.

Nne, chagueni wanachama wawili, mmoja awe mwanamke, wajifunze kusimika kwa mikono yao. Tawi linalomtegemea fundi mmoja wa mjini litangoja siku atakayopatikana.

Maswali ya kujadili:

(a) Kompyuta ya tawi lenu ikifa usiku wa leo, je, kesho mnaweza kumwonyesha afisa wa kazi majina ya wanachama? Kwa njia gani?

(b) Kwa nini diski ya kwanza katika habari yetu ilikataa ufunguo, ingawa toleo lilikuwamo ndani?

(c) Mwenzetu aliyenunua diski sokoni alikuwa na nia njema. Kamati ingeweka utaratibu gani mapema ili asilazimike kwenda sokoni?

(d) Katika kazi yenu ya kila siku, ni vitu gani vingine ambavyo viko stoo tayari, na kinachouzwa ni ruhusa tu ya kuvitumia?

Majibu ya swali la kwanza yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na katibu wa tawi aweke sahihi. Wale vibarua 11 walikosa kuhesabiwa kwa sababu swali hilo sisi hatukujiuliza kwa wakati wake.